Siku Niliyomwandika Iosua Hayupo

Mama Sieni,

Nakusoma gazetini kila Alhamisi, na leo nimeona ni zamu yangu kuomba msaada. Nilikuwa karani wa kikosi cha askari wa akiba hapa kisiwani Tutuila kwa miaka ishirini na miwili, kazi yangu ilikuwa kuita majina, kuandika nani yupo na nani hayupo, na kutuma karatasi za mafunzo ya mwisho wa wiki kule zinakohitajika, na miaka yote hiyo nilisifiwa kwa usahihi, hata cheti ninacho ukutani. Ninachotaka kukueleza ni Jumamosi moja tu ya mwezi Agosti, mwaka 1994.

Kulikuwa na askari mwenzetu, nitamwita Iosua ingawa silo jina lake, ambaye alikuwa amemchumbia mdogo wangu Malaea, mchungaji ameshaambiwa, nguo zimeshashonwa, na wiki tatu kabla ya harusi akasema hataki tena, na mwaka haukuisha akaoa mwingine. Sikumsemesha neno juu ya hilo. Siku ile ya Agosti alifika robo saa baada ya majina kuitwa, na utaratibu wetu ulikuwa kwamba aliyefika ndani ya saa moja anaandikwa yupo, lakini alipokuja mezani kwangu anatabasamu na kusema, "Dada, niandike basi, gari limenigomea," mimi nilimjibu, "Nimeshakuona, nenda," na neno hayupo nikaliacha mbele ya jina lake, huku najua kabisa kwamba yupo kwa sababu nilikuwa namtazama.

Nilitaka akose malipo ya siku moja, basi. Mchana huohuo walikuwa wanapakia jenereta kwenye lori, kamba ikakatika, jenereta ikamwangukia Iosua gotini. Sajini Fonoti aliyekuwa mkubwa wetu siku ile aliandika taarifa ya ajali kwa mkono wake, akasaini, akaniambia, "Hii itume leoleo," nami nikaona taarifa inasema Iosua alikuwa kazini saa nane mchana wakati orodha yangu, ambayo ilikuwa imeshaondoka, inasema hakufika kabisa, na kuitengua kungebidi nimweleze Fonoti kwa nini, kwa hiyo nikasema nitaishughulikia Jumatatu, Jumatatu nikasema wiki ijayo, kisha kikosi kikahamia jengo jipya na ile taarifa nikaja nayo nyumbani. Ninayo hadi leo.

Sasa Iosua ana miaka sitini na miwili, goti limeisha, daktari anasema likabadilishwe Honolulu. Ameomba matibabu ya askari wastaafu, akajibiwa kwamba siku anayoitaja kumbukumbu zinaonyesha hakuwa kazini, na kwa mtu wa akiba ambaye hakuwahi kupelekwa vitani, siku ile ndiyo kila kitu, maana hutibiwa tu kwa jeraha alilolipata akiwa kazini. Mwezi uliopita alikuja kwangu na fimbo yake pamoja na mkewe Lupe, wameniletea chakula cha Jumapili, akaniuliza, "Dada, madaftari yalikuwa kwako. Unaikumbuka siku jenereta iliponiangukia?"

Nikasema, "Miaka mingi, Iosua. Sikumbuki."

Lupe akanikazia macho. "Wewe? Wewe ambaye hujasahau hata siku ya kuzaliwa ya mbwa wa jirani?"

Iosua akacheka, akamwambia, "Mwache dada wa watu. Kazeeka kama mimi." Wakaondoka. Chakula tulikila.

Mume wangu Setu anasema, "Nyamaza. Ukifungua mdomo watakunyang'anya pensheni, na kanisani tutakaa wapi?" Malaea mwenyewe yuko ng'ambo, Tacoma, na mume na watoto wanne, na nikimtajia Iosua huniuliza Iosua yupi. Maswali yangu ni mawili. Naweza kuituma ile taarifa kwa posta bila jina langu? Na kama jina ni lazima, naweza kuandika kwamba lilikuwa kosa dogo la uandishi?

Karani Mstaafu, Leone

*

Karani,

Hapana, na hapana.

Nakupa pole, maana kukaa na karatasi ya namna hiyo ndani ya nyumba miaka thelathini si jambo dogo. Na hasira ya dada kwa ajili ya mdogo wake naielewa, ningekuwa mimi ningemmwagia chai. Lakini sitakubembeleza. Ile Jumamosi hukujua kwamba kamba itakatika. Mwezi uliopita mtu amesimama mbele yako na fimbo, kakuuliza swali ambalo ni wewe tu unayeweza kulijibu, ukasema hukumbuki, kisha ukala chakula chake. Hilo si la mwaka 1994, mama. Hilo ni la juzi.

Nimezungumza na mwanasheria anayewasaidia wastaafu bila malipo. Taarifa isiyo na jina haitafika popote, kwa sababu mtu yeyote anaweza kukaa jikoni kwake akaiandika. Ombi la kusahihisha kumbukumbu huenda kwa bodi ya jeshi, na anayelisaini ni mwenye kumbukumbu, yaani Iosua. Kwa hiyo njia ya kupita nyuma ya nyumba yake haipo. Lazima upite mlangoni. Ipo miaka mitatu ya kuomba tangu mtu alipoligundua kosa, na yeye atagundua siku utakayomwambia. Hata muda ukibishaniwa, bodi ina uwezo wa kuusamehe kwa ajili ya haki.

Na hilo "kosa dogo" lako litamwangusha yeye, si wewe. Bodi itauliza: katika majina sitini, miaka thelathini baadaye, huyu mama amejuaje kwamba alikosea jina hili? Hutakuwa na la kusema. Lakini ukiandika kwamba ulimwona, mkazungumza, ukamwandika hayupo kwa makusudi, na sababu yenyewe ukaitaja, hapo kila mtu ataelewa kwa nini hukusahau.

Pensheni mwanasheria haoni kama itaguswa kwa jambo la zamani hivi, ila hakuniahidi, nami sikuahidi. Kamwone kabla hujasaini chochote. Kisha nenda kwa Iosua katikati ya wiki, siyo baada ya ibada watu wakiwa wamejaa uani. Sema kabla hujaketi. Usilie, asije akaanza kukubembeleza wewe. Mpe taarifa halisi, wewe ubaki na nakala. Mtafuteni Fonoti kama yu hai, na mwulizeni Lupe kadi ya hospitali ya siku ile. Wake hutunza vitu. Maelezo yako uyaape mbele ya ofisa wa viapo, yawe na jina lako lote.

Setu mwambie kanisani mtakaa palepale. Kisiwa hiki ukikohoa kijijini Leone, kule kijiji cha Aua wanauliza kama umepona. Watawasema wiki mbili, kisha watapata la mwingine. Fanya wiki hii.

Sieni

*

Mama Sieni,

Nilifanya, na ni miezi kumi na mmoja sasa. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Akauliza, "Kwa ajili ya Malaea?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Si ungenipiga kofi tu." Lupe akaichukua taarifa mkononi mwangu, akafunga mlango. Kesho yake alinipigia simu, hakunisalimia, aliuliza tu mwanasheria anafungua saa ngapi.

Fonoti tulimpata ng'ambo, mji wa Carson, ana miaka themanini na mmoja, akatuma kiapo chake. Mimi niliandika kila kitu, pamoja na sababu. Wiki iliyopita bodi ilijibu kwamba siku ile Iosua alikuwa kazini na ajali ni ya kazini, na matibabu yamekubaliwa, anasafiri tarehe tisa. Pensheni yangu haijaguswa.

Lakini Iosua hajanisemesha tangu siku ile mlangoni. Kanisani ananipita kama kiti. Nimemwambia Setu nataka kwenda na mkeka mzuri, nijifunike nao niketi mbele ya nyumba yao kama wazee wetu walivyoomba msamaha, mpaka anifunue. Setu amekubali kuja nami. Twende kabla hajasafiri?

Karani Mstaafu

*

Karani,

Msiende. Ukiketi pale umejifunika, kijiji kizima kitakuwa kinamtazama yeye, siyo wewe, na itambidi asimame na goti lile akufunue, atake asitake. Umeshamwamulia mambo ya kutosha.

Ulichoniuliza kilikuwa jinsi ya kusahihisha kumbukumbu. Zimesahihishwa, na umefanya vizuri, nakwambia bila kukupaka mafuta. Salamu ni yake. Endelea kumwamkia wewe kila Jumapili, kwa sauti ya kawaida, bila kusubiri. Akiitikia, jibu, upite. Asipokuitikia maisha yake yote, utakuwa hujapunjwa.

Sieni