Chai Iliyotoa Maua

Mama yangu,

Hapa ughaibuni, hotelini The Pearl, wameleta kichaka ndani ya chungu kikubwa, wakakiweka ukumbini penye baridi ya kiyoyozi. Maua meupe, kiini cha manjano. Akello, Mganda ninayefanya naye usafi, akasoma kibandiko: kamelia ya mwitu, jamii moja na chai, asili yake milima ya Uchina. Mimi sikuhitaji kusomewa. Nilikuwa nayapangusa majani vumbi, mara mkono ukachuna wenyewe majani mawili na chipukizi, ukayatupa nyuma ya bega, kwenye kikapu ambacho hakipo.

"Wee dada, si ndiyo tumetoka kupiga deki hapo!" Akello akanicheka. Nami nikacheka, halafu nikashindwa kunyamaza, kicheko kikawa kilio.

Unakumbuka ulivyoyachukia maua ya chai? Ukiona hata moja shambani kwetu ulilinyofoa upesi, ukalificha mfukoni mwa aproni. "Majirani watasema hapa hakuna watu wa kuchuna, chai imeachwa hadi inachanua." Siku moja nililichomeka nyweleni, ukanifokea hadi nikakimbilia kwa shangazi. Jioni ukanirudishia lile lile, ukaniwekea sikioni wewe mwenyewe. "Ndani ya nyumba tu, eh? Usitoke nalo."

Mama, sasa shamba lote limechanua. Tangu tukuzike... nasema tukuzike, na mimi sikuwepo. Nilikuona kwenye simu ukiteremshwa kaburini, picha inakwama kwama, nimejifungia kwenye choo cha wafanyakazi. Dada Chebet ameolewa mbali, hakuna wa kuchuna. Anasema michai imempita kimo, na vijana wanakuja kupigia picha pale, eti panapendeza. Panapendeza! Nilitamani kuivunja simu.

Leo amenipigia kuuliza: ang'oe apande mahindi, ama aache, nitarudi? Mkataba nimeshauongeza, mtoto wangu bado yuko shule. Na hata ningerudi, ningerudi kwa nani? Nikifika, nani atakuwa ananiita? Nimechoka, Mama. Kila mtu hapa anaongea habari ya kwenda nyumbani, mimi natingisha kichwa tu.

Nimemwambia ang'oe.

Akauliza aanzie upande gani. Nikamwambia aanzie kule chini, mbali na kaburi lako, aje juu polepole, usishtuke.

Lala, Mama.

Kitindamimba wako