Milivolti Nne

Jumatatu, 4 Februari 1974
Nimepima marobota ishirini tangu asubuhi. Joto. Mgongo unauma. Kipimo cha unyevu nilichokiunda mwenyewe kinasema singa za mkonge bado mbichi. Tena za Mama Zaina, msimamizi wa uanikaji. Amezishika, akabisha: "Fundi, hizi zimekauka. Naanika mkonge tangu hujazaliwa."
Nimeandika: mbichi.

Jumatano, 6 Februari
Meneja amemvua Mama Zaina usimamizi. Amemwita mzembe mbele ya wote, wakati wa kuitwa majina. Wengine walicheka. Nilikuwepo. Mchana alifunga mzigo, akapanda basi la Handeni kwenda kwao Sindeni.

Alhamisi, 7 Februari
Robota la zamani, kavu kabisa, limekaa ghalani miezi. Kipimo kinasema bichi.
Nimekifungua. Ndani mna kikuzaji, kidude cheusi cha miguu minane, kinakuza volti ndogo mara mia. Milango yake miwili ya kuingilia nimeiunganisha na waya wa ardhi, isipokee chochote. Ilipaswa kutoka sifuri. Imetoka nukta nne ya volti. Gawanya kwa mia: milivolti nne. Zake mwenyewe, za kuzaliwa nazo.
Karatasi iliyokuja nacho ilionya zinaweza kufika sita. Kwenye hesabu zangu nilikadiria sifuri. Uvivu tu. Najichukia.

Ijumaa, 8 Februari
Nimerekebisha sifuri kwa skrubu. Nimepima upya. Marobota yote ya Mama Zaina makavu.
Nimemweleza meneja. "Mwite arudi," amesema. "Lakini habari za kipimo zibaki hapa hapa."
Nimeitikia. Nimechoka hata kubisha.

Jumapili, 10 Februari
Sindeni. Nilimkuta anafyeka shamba, anasubiri masika.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba."
Nilimweleza yote. Hakufoka. Afadhali angefoka.
"Umekuja kunisafisha kichakani, mwanangu," alisema. "Mimi nilichafuliwa mbele za watu."
Akaendelea kufyeka. Nikarudi kiwandani Korogwe nimesimama kwenye basi njia nzima.

Jumatatu, 11 Februari
Walipomaliza kuita majina niliomba kusema. Nilisema kipimo kilikosea, hesabu ni zangu, Mama Zaina hana kosa. Meneja alitazama chini. Kengele ikalia, kila mmoja akaenda kazini kwake.
Mama Zaina hajarudi. Huenda asirudi.
Saa ya chakula nimelala sakafuni, viatu miguuni.