Usichimbe Kona ya Juu

S.L.P. 47,
Timau.
9 Juni 2024.

Mpendwa mwanangu Kathambi,

Kabla hata sijakujulia hali, nikuambie kwamba kuna jambo nimelificha kwa miaka kumi na moja, na barua hii ni ya kulitoa. Sasa pokea salamu zangu. U mzima huko Halifax? Baridi imepungua? Mimi ndiye ninayepungua. Moyo umechoka, miguu imevimba, na kila sentensi tatu naweka kalamu chini nipumzike. Usishangae mwandiko.

Habari kwamba utarudi Agosti kulima shamba letu ilinifurahisha, kisha ikaniondolea amani. Murungi, anayenisaidia shambani, anasema umeshaelewana na fundi, na kwamba bwawa litachimbwa kona ya juu. Nimemwambia asiguse chochote mpaka ufike. Kwenye simu nilijaribu kukueleza mara mbili, nikaishia kukuuliza kama kunanyesha. Na sijui kama Agosti utanikuta.

Yote niliyokuandikia kuhusu kilimo bila kemikali ni kweli. Usije ukayatilia shaka kwa sababu yangu. Udongo uliokuwa mgumu kama sakafu, leo jembe linazama lenyewe na nyungunyungu wamerudi. Ukame uliopita, kabichi za jirani zilinyauka wiki mbili kabla ya zetu. Vitunguu kati ya mistari ya karoti hufukuza wadudu, na maji ya upupu uliolowekwa huua vidukari. Samadi bado anaileta Olow, yule mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki. Hunicheka kwamba ng'ombe wake wanalima hapa zaidi kuliko mimi.

Lakini sikia tulivyoanza. Kikundi chetu cha wakulima kilikubaliana kwamba kila mwanachama alete dawa zote za kunyunyizia zilizobaki kwake, azitoe mbele ya wenzake kwenye uwanja wa kanisa, watu wa kaunti wazichukue. Mama Gathogo alileta kichupa kimoja, akalia kwa aibu. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Ndimi niliyewafundisha ubaya wa dawa zile. Na stoo yangu ilikuwa na pipa zima la dawa hizo, nyingine zikiwa zimeshapigwa marufuku. Nilipeleka chupa mbili tupu. Wakanipigia makofi.

Pipa nililifukia mwenyewe kona ya juu, hatua kumi na mbili kutoka kwenye mwerezi, upande wa chemchemi. Matete unayoyaona kwenye picha nilizokutumia niliyapanda kufunika pale. Lilikuwa limeanza kula kutu nilipolifukia. Usichimbe, wala usimruhusu mtu achimbe, mpaka waje wanaoijua kazi hiyo. Maji yapimwe kabla hujamwagilia hata mche mmoja. Kisha wasomee wanakikundi barua hii. Wao walifanya kazi yao kwa uaminifu, wasibebe lawama yangu.

Msalimie mumeo Wamae, na umbusu mtoto. Murungi anakusalimu, na Fowsia binti Olow anauliza kila siku kama kweli unarudi. Mungu akupe ardhi isiyokuficha kitu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini limebaki moja.

Mwezi mmoja baada ya kulifukia pipa, niliweka tangi la maji ya mvua, nikasema tumbo langu halipatani na maji baridi ya chemchemi. Mama yako mdogo Kanana, mke wangu, aliendelea kuchota kule kule. Alikuwa akinitania akipita na ndoo, "Mwalimu, hii chemchemi imekukosea nini?" Nilikuwa nacheka. Alipougua ini, daktari hakusema chanzo, nami sikumwuliza.

Miaka minane, Kathambi, aliyanywa maji yale mbele ya macho yangu mpaka tukamzika. Mimi, tangu siku ile ya pipa, sijayaonja.

Baba yako mdogo, akupendaye hata akikuaibisha,
Mbaabu