Mbavu Zilikuwa Zimeiva, Baba

Mwaka umetimia, baba yetu Kornel, tangu ulipotutoka ukiwa umekaa kwenye stuli mbele ya pipa lako, ua umejaa watu, na asijue hata mmoja. Mpaka leo tunashtuka. Ninayeandika ni mimi Elieth, mwanao mkubwa, kwa niaba ya wote, maana mdogo wangu Deus angeandika mistari miwili akaenda zake.

Ulikuwa mtu wa mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku. Ujana wako wote uliwakaushia watu tumbaku, na ulipostaafu ukahamishia ufundi huo uani kwetu Ng'ambo, kwenye kipipa ambacho mama alikuwa akiwekea maji. Watu walicheka: kapipa haka, mbavu za kulisha mtaa? Ukazifunga kwenye fito na kuzining'iniza kama majani ya tumbaku, zikaenea zote. Moshi wa kuni za mpera, asali kidogo mwishoni. Mbuzi ulimpelekea jirani Sabiri, Mwislamu, amchinje, ili asiwepo wa kula kwa macho.

Ulikuwa mpole, baba, isipokuwa mbavu zikiwa kwenye moshi. Hapo ulifumba macho ukawa unanusa tu. "Msinisemeshe," ulituambia. "Bani halichunguliwi, linanuswa." Shangazi Apolinaria akisema umeshaingia banini, tulijua hata askofu akija atasubiri.

Basi siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wetu Julieth, kesho yake ndoa, ulikaa hivyo hivyo, kofia imeshuka, macho umefumba. Tulikupita na masufuria. Shangazi alikuamkia, "Shikamoo, kaka." Kimya. Akacheka, "Huyu ameshaingia banini." Mama alikufunika kanga mabegani kwa sababu ya upepo. Vijana wa muziki waliambiwa wasogeze spika mbali wasikusumbue. Harufu ilipobadilika, Deus akasema, "Mbona baba hafunui? Zitaungua." Akakugusa bega.

Mungu wangu. Hatuna neno jingine. Mbavu zilikuwa zimeiva kuliko siku zote, na wewe ulikuwa umepoa. Daktari alisema ni moyo, ulisimama ghafla. Julieth alijifunga kanga ya msiba siku aliyopaswa kuvaa shela.

Tangu hapo mama alibaki na swali moja tu. Je, uliondoka peke yako, katikati ya watu wako, kwa sababu tulikatazwa kukusemesha? Padri alimweleza, daktari alimweleza, hakusikia. Aliuliza kila aliyekuwepo: nani alisema naye mwisho? Chakula chake kilikuwa kinarudi jikoni kama kilivyotoka.

Juma lililopita alikuja Mzee Anselm, mtani wako Mgogo, yule ambaye msibani, kama ilivyo desturi ya watani, alivaa aproni yako, akakaa kwenye stuli yako na kutufokea tusimsemeshe, watu wakalia na kucheka kwa pamoja. Mama akamuuliza na yeye. Anselm hakusita.

"Mimi nilimsemesha, shemeji. Nilimwambia, Mnyamwezi, funua hilo pipa, njaa inauma. Akafungua jicho moja. Akasema, 'Mgogo wewe, umezisikia mbavu zangu tangu Dodoma? Hebu nitolee balaa.' Akatabasamu, akafumba tena. Alikuwa na raha zake."

Mama alicheka, baba. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nikamfuata Anselm hadi mlangoni, hasira zimenipanda. "Mzee, wewe si ulifika baba ameshakufa, tumeshamlaza ndani?"

Akanitazama, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu, mimi ni mtani wake. Niliwahi kumsemea kweli lini?"

Kumbe mama alikuwa nyuma yangu.

"Mwache, Elieth," akasema. "Najua alichelewa. Lakini ndivyo angemjibu."

Akarudi ndani, akajipakulia ugali, akala.

Tunaokukumbuka ni mkeo Koleta, sisi wanao Elieth, Deus na Julieth pamoja na mumewe, dada yako Apolinaria, jirani yako Sabiri, na mtani wako Anselm, aliyeomba jina lake lisiwekwe karibu na watu wenye adabu.

Pumzika kwa amani, baba. Hututoki moyoni.