Usiku Niliolala Chini ya Nyangumi

Mama yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta na nguvu, na ule mguu umeacha kukusumbua. Mvua imenyesha hapo Yamumbi? Mmeshapanda? Na Wambui wangu anakula vizuri, ama bado anaficha mboga ya sukuma chini ya ugali? Mimi huku Uingereza niko mzima, ni baridi tu ndiyo hatujapatana.

Wacha nikuchekeshe. Wiki jana wale watoto tunaowatunza baada ya shule walipelekwa kulala kwa makumbusho ya wanyama. Ndiyo, kulala, sakafuni, na wenyewe wanaita raha. Tulitandika chini ya mifupa ya nyangumi iliyoning'inizwa darini, mirefu kuliko zizi letu. Watoto wakaniuliza kama simba wa kwetu ni wakali. Nikasema sana, na mimi simba wa kwanza kumwona na macho yangu ni huyo wao aliyekufa, ndani ya kioo.

Lakini roho ilikuwa mkononi. Unajua miezi yangu ya majaribio ilikuwa inaisha, na bila kazi ya kudumu siwezi kumleta Wambui. Na Helen, mkubwa wangu, alikuwa ameshanionya mara mbili kwamba sihesabu watoto. Mama, ningewezaje? Ulinilea ukisema watoto wa watu hawahesabiwi kama viazi, ni kuwaitia mabaya. Mimi huwataja kwa majina, mmoja mmoja, vile wewe huita ng'ombe wakati wa kukamua.

Kabla ya taa kuzimwa, Helen akapita akihesabu vichwa. Kumi na wawili, wote wako. Mimi nikaanza majina yangu polepole, naye amekunja uso. Nilipofika kwa Noor, kimya. Nikafungua mfuko wake wa kulalia, nikapata kavulana ka shule nyingine iliyolala hapo pia, kamechoka kakajiingilia palipokuwa wazi.

"Noor hayuko," nikasema.

"Lakini ni kumi na wawili."

"Ni kumi na wawili, na Noor hayuko."

Tulipita kila chumba tukiita, mpaka chumba cha ndege. Noor alikuwa ameketi mbele ya bundi, akingoja apepese macho. "Hajapepesa hata mara moja," akaniambia. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nilipogeuka, Helen alikuwa chini, analia kama mtoto.

Jumatatu akanipa barua ya kazi ya kudumu. Sasa naye anataja majina. Bado anahesabu kichinichini, namsikia.

Kwa hivyo, Mama, Wambui atakuja. Niliimba jikoni peke yangu, nikacheza na ufagio. Halafu nikakumbuka hakuna mwingine kwa nyumba yako isipokuwa wewe na yeye, na ni wewe umemlea tangu nitoke. Nikaketi. Nisamehe, Mama, namtaka sana mtoto wangu.

Msalimie kaka Kamau na mke wake, shangazi Nyambura wa dukani, na mzee jirani anayekusaidia na ng'ombe. Wambui usimwambie bado. Mwache aendelee kulala kwa kitanda chako mpaka shule zifungwe, na wewe umshike vizuri.

Ni mimi binti yako, ninayecheka na kulia siku moja,
Wanjiru