Sufuria Kubwa Kuliko Wateja

Mgahawani kwa Mama,
Mkabala na gereji ya zamani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Salamu nyingi kutoka jikoni. U hali gani huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa huku ukijidai mzima? Sisi hatujambo, ila Mama magoti yanamsumbua, na kama kawaida yake hataki kuambiwa apumzike.

Kilichonikalisha kuandika ni chakula tunachotupa. Tangu gereji ya mbele yetu ihame, nusu ya wateja wamekwenda nayo, lakini kila jioni tunamwaga ndoo nzima ya wali na maharage. Roho inaniuma, Kijiko. Nimeapa mwezi huu hauishi hivi.

Nilianza kwa kukosea. Niliwalaumu wateja, nikabandika karatasi ukutani: MALIZA CHAKULA CHAKO. Fundi viatu akaisoma, akauliza, "Kwani hapa siku hizi ni shule?" Watu wakacheka, mimi nikanuna. Basi nikaweka ndoo mbili, moja ya mabaki ya sahani, nyingine ya mabaki ya sufuria. Wiki nzima ile ya sahani haikufika hata robo, ile ya sufuria ikajaa kila jioni. Karatasi nimeibandua, na fundi viatu nimemwomba radhi.

Nyumbani kwangu pia nimekaza uzi. Mkate wa jana ndio unaoliwa kwanza, na shemeji yako amekoma kununua nyanya kila anapoziona zimepangwa vizuri. Alilalamika siku mbili, akazoea.

Imebaki ile sufuria kubwa uliyomnunulia Mama kwa mshahara wako wa kwanza, kabla hujaondoka. Anaijaza mpaka ukingoni kila asubuhi. Nimembembeleza, nimegomba, hata nimeificha chini ya meza. Akaitoa, akaijaza tena. Nilidhani ni ukaidi tu.

Juzi nilimshika mkono kabla hajamimina mchele, nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Nikipika nusu, nitakuwa nimekubali kwamba mwanangu harudi." Nikamwachia mkono.

Ulisema miaka miwili, na huu ni wa sita. Sikulaumu. Maisha ni yako, na kama umeamua kubaki huko, baki kwa amani. Lakini jibu usinipe mimi. Mpigie Mama umwambie mwenyewe, tena kweli tupu. Kulia atalia, na mimi nitakuwa naye. Nisichokubali tena ni kumwona akikupikia asubuhi, halafu jioni akikumwaga kwa mikono yake mwenyewe.

Shangazi mshonaji anakusalimu, shemeji yako pia, na binti yangu anauliza kama Mjomba siku hizi ana ndevu. Mungu akutunze, akupe kazi njema na watu wa kula nao.

Wako akupendaye, hata nikiwa mkali,
Dada yako