Pikipiki ya Mbio Uliyoijaza Mawese

Mpendwa mdogo wangu Hamisi,

Nakuandikia nikiwa na hasira, nisikufiche. Mwezi uliopita nilimruhusu fundi wa kijiji aifungue injini ya pikipiki yako, ile uliyoniapisha kwamba mtu asiiguse. Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kulalamika huko uliko.

Nakumbuka ulivyoisukuma kutoka gereji yenu ya Mwanga mjini mpaka hapa Simbo, jasho likikutoka, nasi tukadhani umeokota vyuma chakavu. Ilikuwa pikipiki kuukuu ya Kiingereza, ya silinda mbili, iliyoachwa na bwana shamba Mzungu tulipopata uhuru. Mama akauliza kama itabeba mikungu ya chikichi. Ukasema hii ni ya mbio fupi za barabara iliyonyooka, na utampita kijana wa tajiri wa Ujiji na pikipiki yake mpya ya Kijapani. Mama akaguna, akarudi jikoni.

Halafu ukaleta tabo, kile kidude cha chuma mfano wa konokono, ulichokifungua kwenye lori lililopinduka njia ya Kasulu. Ulinichorea mchangani jinsi moshi wa injini unavyozungusha gurudumu lake dogo, nalo likasukuma hewa nyingi zaidi kwenye silinda, na nguvu ikazidi. Nilielewa vizuri kuliko ulivyodhani. Nilikufuata gerejini kukushikia mabomba ulipoyachomelea, cheche zikatoboa kitenge changu kipya, na hukuniomba hata radhi.

Kilichokosekana ni oili ya kulainishia vyuma vinavyozunguka. Duka la ushirika halikuwa nayo, kama lisivyokuwa na sabuni. Ile kidogo uliyoipata uliitia kwenye injini. Kwa ajili ya tabo ukafunga kikopo chini ya usukani, ukakiunga na mrija mwembamba wa shaba, ukajaza mawese yetu. Na yakafanya kazi. Kila alasiri uliijaribu kwenye jua kali, mawese yakiteremka kama maji, na pikipiki ikachomoka kwa namna iliyonitisha. Nilijivunia wewe kupita kiasi.

Mashindano mkayaweka alfajiri, wakati wa kiangazi, ili barabara iwe tupu. Hapa ndipo hasira hunipanda hadi leo. Sisi ni watu wa mawese. Kila nyumba hapa Simbo, asubuhi za baridi, husogeza debe karibu na moto kwanza kwa sababu yameganda. Mama alifanya hivyo siku ileile, nawe ukapita mbele yake ukivaa koti. Hakuna aliyeufikiria ule mrija. Mlipoondoka ulimwacha yule kijana urefu wa nyumba nzima, nikapiga vigelegele, kisha tabo ikalia kwa ukali na kukwama. Ulipoufungua mrija mbele ya watu, mawese yalikuwa mazito kama uji uliopoa. Watu wa Ujiji walicheka mpaka wakakaa chini.

Ungecheka nao, yangeisha. Wewe ukanuna, na wiki ileile ukapanda boti kwenda Kongo kutafuta oili halisi.

“Dada, mtu asiiguse,” uliniambia. “Narudi upesi.”

Kiangazi kile kimepita, na kingine, na hiki nacho kinakwisha. Kila mfanyabiashara anayetoka ng'ambo ya ziwa namuuliza habari zako. Mmoja alisema yuko kijana wa Simbo kule Kalemie, anatengeneza injini za boti, amenenepa na anacheka sana. Nilimshukuru Mungu, kisha nikatamani kukuzaba kofi. Hata salamu ya mdomo umeshindwa kumpa mtu atuletee?

Huku tumekuwa kijiji cha ujamaa. Injini ya mashine yetu ya kusaga ilikufa, na akina mama walikuwa wakitembea hadi Ujiji na mahindi kichwani. Viongozi wa kijiji walikuja tena na tena kuiomba injini yako. Niliwakatalia kwa ajili yako mpaka nikaona haya kupita mbele za watu. Nilipokubali, Mama akanigeukia.

“Mwana wanje, mwanangu, akirudi atapanda nini?”

Aliichukua ile tabo akaiweka chini ya kitanda chake.

Injini inasaga vizuri. Inachemka haraka, inabidi tuipumzishe, lakini inasaga. Shida yangu ni Mama. Kila inapowashwa, kwa mlio uleule wa pikipiki yako, huacha alichoshika, hujifunga kanga vizuri, hutoka barabarani. Nimemweleza kwamba ni mashine ya unga tu. Hunijibu kwamba anajua, na bado hutoka. Jana alikuwa na homa, miguu haina nguvu, akaniomba nimshike mkono. Nikamshika. Tukasimama pale tukitazama njia ya Ujiji mpaka walipoizima.

Kama hurudi, Hamisi, mwambie mwenyewe. Mimi siwezi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia.